Miti ya Amani

Leo tunapanda milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, mpaka Amani.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo. Walifyeka msitu, wakapanda miti ya nchi nyingi ili waijaribu. Mingi ipo hata leo, na wageni huenda kuitazama.

Lakini mti mmoja ulioletwa haukukaa shambani. Hondohondo walikula matunda yake, wakatawanya mbegu, nao ukaingia msituni na kuisonga miti ya asili. Msitu huo hulinda mto Sigi, ambao Tanga hunywa maji yake. Mwaka 1997 Amani ilifanywa hifadhi.

Kazi yenu: andikeni majina ya miti mitano ya kijijini. Waulizeni wazee, ipi ililetwa?