Kofia na Uso

Mdogo wangu alikuwa na miaka 9 alipochapwa viboko kwa kutabasamu. Mwalimu alikuwa anamgombeza kwa sababu hakumaliza hesabu, naye akatabasamu, kama afanyavyo kila akiogopa. Mwalimu akaona dharau. Nyumbani mama akamuuliza, "Kwani hukuona mwalimu kakasirika?" Akajibu kwamba shati la mwalimu lilikuwa limekatika kifungo.

Mdogo wangu ana usonji. Jibu lake lilinirudia mwaka jana, nilipokuwa nasoma historia ya utafiti wa usonji kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Nilikutana na jaribio la Jane Weeks na Peter Hobson, lililochapishwa Uingereza mwaka 1987. Watoto walipewa picha za watu wazipange kwa mafungu. Watu wa pichani walitofautiana kwa jinsia, umri, hisia zilizoonekana usoni, na aina ya kofia. Watoto wengi wasio na usonji walitanguliza hisia, kofia ikafuata. Wengi wenye usonji walianza na kofia.

Nilicheka peke yangu maktabani, kisha nikaona aibu. Kofia nayo ilikuwepo pichani. Mwanzoni hakuna aliyewaambia wapange kwa kigezo gani.

Lakini jibu la kofia lilisomwa kama upungufu, na usomaji huo una mizizi mirefu. Mwaka 1943, Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 na kusema walizaliwa bila uwezo wa kawaida wa kuunganika na watu kihisia. Waliomfuata walitafuta kasoro hiyo usoni. Mwaka 2001 Simon Baron-Cohen na wenzake walitoa toleo jipya la jaribio lao la macho: picha 36 za macho matupu, nawe utaje mwenye macho hayo anawaza au anahisi nini. Mwaka uliofuata, Ami Klin na wenzake waliwaonyesha vijana wenye usonji filamu ya *Who's Afraid of Virginia Woolf?* huku wakifuatilia macho yao yanatua wapi. Yalitua zaidi kwenye midomo, miili na vitu. (Filamu yenyewe ni wanandoa wanaotukanana usiku kucha. Hata mimi nilitazama pembeni.)

Katika majaribio yote hayo, mwenye usonji ndiye msomaji, kamwe si uso unaosomwa. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mwaka 2016 Elizabeth Sheppard na wenzake wakageuza kamera: watu wasio na usonji walitazama video za watu wenye usonji na wasio nao, wakisie nini kimewapata. Kwa wenye usonji walikosea zaidi, ingawa nyuso zao hazikuwa zimepooza.

Kurasa zile nilizisoma mara tatu.

Mdogo wangu sasa ana miaka 19. Hasira ya mama huijua kwa jinsi anavyofunika sufuria, na hunizidi kwa hilo. Juzi nilimuuliza kama anavikumbuka vile viboko.

"Nilikuwa naogopa, dada," akasema. "Kwani mwalimu hakuona?"