Otoplasti na kuunga ndewe

Kwenye minada ya ng'ombe wilayani Kilosa, pande za Parakuyo na Twatwatwa, bado utawaona wazee wa Kiparakuyo wenye ndewe pana zinazoning'inia hadi karibu na shingo. Zikiwasumbua, huzipandisha na kuzivisha juu ya sikio. Kijana aliyetogwa hivyo, kisha akataka ndewe zifungwe, anahitaji upasuaji ambao madaktari huuweka chini ya jina otoplasti.

Jina hilo ni la Kigiriki: sikio, na kufinyanga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouita "upasuaji wa plastiki". Mtu wa Mikumi akiambiwa hivyo atadhani anakwenda kupachikwa kipande cha plastiki. Nachagua "upasuaji wa kurekebisha umbo la sikio". Ni maneno mengi, lakini mgonjwa anajua atakachofanyiwa kabla hajatia saini fomu ya ridhaa.

Kwa kawaida upasuaji huu ni wa masikio yaliyochomoza. Mtoto husubiri hadi afikishe miaka 5 au 6, sikio linapokaribia ukubwa wa utu uzima. Yeye hupewa nusukaputi. Mtu mzima mara nyingi hutosheka na ganzi. Daktari huchana ngozi nyuma ya sikio, kovu lijifiche kwenye mkunjo, hadi alifikie gegedu. Hapo hupitisha nyuzi zinazolikunja gegedu na kulivuta karibu na kichwa, njia iliyoelezwa na daktari mpasuaji Mustardé mwaka 1963. Kazi huchukua kama saa 1 hadi 2. Bendeji ikitolewa, mgonjwa hulala na kitambaa kichwani kwa wiki kadhaa, sikio lisikunjwe usingizini. Sikio moja likiuma kupita mwenzake siku za mwanzo, huenda damu imevilia ndani, na hilo halingoji kesho. Anayetoka kijiji cha mbali ni heri akae kwanza karibu na hospitali.

Ndewe ni habari nyingine. Sehemu ile haina gegedu, ni ngozi na mafuta, hivyo hakuna cha kukunja. Kwa hiyo naona inastahili istilahi yake: kuunga ndewe. Ndewe iliyokatwa na hereni nzito huwa na kingo mbili zilizokwisha kuota ngozi, na ngozi haishikani na ngozi. Daktari hukata ukanda mwembamba wa kila ukingo hadi nyama mbichi ionekane, akazikutanisha, akashona mbele na nyuma. Kitanzi kirefu cha Kiparakuyo hupunguzwa kwanza, kisha nyama iliyobaki ikaundwa upya.

Sushruta, tabibu wa India ya kale, alieleza njia 15 za kazi hiyo, kwa watu waliotanua ndewe zao kama walivyofanya Waparakuyo. Kwa hiyo upasuaji huu si urembo ulioletwa juzi na watu wa mjini.

Jambo moja aliseme mgonjwa mwenyewe kabla ya kisu: kama amewahi kuota keloidi, lile kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha. Ndewe ni mahali linapopenda kuota, na watu wenye asili ya Afrika hulipata zaidi. Anayetaka kutoga tena hungoja miezi kadhaa, na tundu jipya hutobolewa kando ya kovu.