Kutoka Ghala la Nabii Yusuf hadi Friza ya Mama: Historia ya Kuweka Akiba ya Chakula



Ukitaka kujua kwamba Ramadhan imekaribia, usitazame kalenda peke yake. Tazama jikoni. Siku za mwisho za Shaaban utawakuta kina mama wamekaa kitako, mmoja anakanda unga wa manda, mwengine anakaanga nyama ya kusaga, watoto wanakunja sambusa. Zinapangwa kwenye sinia, zinaingia friza mbichi hivyo hivyo. Mbaazi zimechemshwa zimetiwa mifukoni. Thumu na tangawizi zimesagwa, ukwaju umekamuliwa, embe za msimu zimekatwa vipande zisubiri sharubati. Yote haya ili magharibi ikikaribia mama asihangaike, naye apate wakati wa kusoma juzuu yake kama wengine.

Sasa hebu tujiulize: kabla ya friza watu walifanyaje? Je, sisi tulio na friza tunajua zaidi ya wao, au kuna jambo tumelisahau njiani? Twende pamoja, tuanze mbali kidogo.

GHALA LA MISRI

Kila mmoja wetu anakijua kisa cha Nabii Yusuf (AS). Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wanaliwa na ng'ombe saba waliokonda. Yusuf akaifasiri: miaka saba ya mavuno, kisha miaka saba ya ukame. Lakini hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa na mpango wa kazi. Limeni miaka saba mfululizo, na mtakachovuna kiacheni katika mashuke yake, isipokuwa kidogo mtakachokula.

Msomaji, sita hapo kidogo. Kwa nini kiachwe katika mashuke? Muulize mkulima yeyote atakwambia. Punje ikiwa ndani ya ganda lake ina kinga. Ukiipura, unyevu na wadudu wanaifikia kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo katika kisa kile kuna mafunzo mawili ya akiba: namna ya kukihifadhi chakula kisiharibike, na namna ya kujizuia kukila chote wakati kipo tele. Hilo la pili ndilo gumu, hata leo.

NYAMA YA JUA

Waarabu wa zamani walikuwa na nyama iitwayo qadidi. Inakatwa vipande virefu vyembamba, inatiwa chumvi, inaanikwa juani mpaka ikauke. Maji yakishatoka ndani ya nyama, vijidudu vinavyoozesha havina pa kuishi. Chumvi nayo inavuta maji yaliyobaki. Hiyo ndiyo siri yote, na ndiyo hiyo hiyo ya papa mkavu unayemuona sokoni.

Tena, zile siku tatu baada ya Idd-ul-Hajj tunazoziita siku za Tashriq, wanazuoni wengi wanaeleza kwamba jina lake latokana na kuianika nyama ya kuchinjwa juani. Yaani jina tunalolitamka kila mwaka limebeba ndani yake historia ya kuhifadhi chakula!

Na hapo ndipo linapopatikana somo kubwa. Mwaka mmoja watu wa jangwani wenye dhiki waliingia Madina wakati wa Idd. Bwana Mtume (SAW) akawazuia maswahaba wasiweke nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu. Kilichozidi kitolewe sadaka. Mwaka uliofuata walipomuuliza, akawaeleza kwamba katazo lile lilikuwa kwa ajili ya wale wahitaji. Sasa wanaweza kula, kuweka akiba na kutoa sadaka. Shika mambo hayo matatu, tutayarudia.

PWANI YETU MWAKA 1331

Msafiri Ibn Battuta alipita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alikaribishwa chakula cha sultani, naye ameandika alichowekewa: wali wa samli na kitoweo juu yake, na pembeni achari. Kulikuwa na ndimu za achari, pilipili za vishada zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Aliwaeleza wasomaji wake kwamba embe likiwa bichi hutiwa achari kama wao kwao walivyotia ndimu. (Pilipili zile hazikuwa hizi za kwetu ndefu nyekundu; hizo asili yake ni bara la Amerika, na zilikuwa bado hazijafika huku.)

Kutoka Mogadishu aliteremka mpaka Mombasa, akaendelea hadi Kilwa. Kwa hivyo ile chupa ya achari ya embe iliyoko kwenye meza ya bibi yako si kitu kidogo. Ina karibu miaka 700 ya kuandikwa, na bila shaka ilikuwako kabla ya kuandikwa.

Wazee wetu walikuwa na mengine mengi. Muhogo ulimenywa, ukakatwa, ukaanikwa ukawa makopa. Samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa akawa ng'onda. Maziwa yalitolewa siagi, siagi ikachemshwa ikawa samli, ambayo hukaa miezi kwa sababu maji yake yametoka. Tende zilikuja kwa majahazi kutoka Ghuba wakati wa kaskazi. Na ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya hadi leo wana nyirinyiri: nyama ya ngamia au ng'ombe iliyokatwa vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuwekwa ndani ya mafuta yake. Chakula cha safari hicho, wala hakiombi stima.

THELUJI JUU YA NGAMIA

Usidhani lakini kwamba watu wa zamani hawakuijua baridi. Waajemi walijenga majumba ya udongo yenye kuba na kuta nene, wakahifadhi barafu ya kipusa mpaka wakati wa joto. Wanahistoria wanasimulia kwamba Khalifa al-Mahdi alipohiji mwaka 160 Hijria (777), aliletewa theluji mpaka Makka. Fikiria joto la Makka! Na zama za Wamamluki, theluji ilitoka milima ya Sham hadi Cairo kwa ngamia na kwa meli, kwa ajili ya vinywaji vya sultani.

Baadaye likawa jambo la biashara. Mwaka 1806 Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alipakia barafu ya ziwani melini akaipeleka kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka. Mwaka 1833 shehena yake ya tani zipatazo 180 ilisafiri miezi minne kwenda Calcutta, ikivuka ikweta mara mbili, na takriban tani 100 zilifika salama. Barafu yake aliikinga kwa vitu vya bei nafuu kama maranda na unga wa mbao.

Lakini ona: baridi ilikuwa ya sultani na ya tajiri. Masikini alibaki na jua na chumvi.

CHUPA YA MFARANSA

Vita mara nyingi huzaa uvumbuzi. Majeshi ya Ufaransa yalihitaji chakula kisichooza. Mtengeneza halua mmoja, Nicolas Appert, alijaribu kwa miaka mingi kutia mboga, matunda na nyama kwenye chupa, akaziba kwa nguvu kisha akazichemsha ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali ilimlipa faranga 12,000 kwa sharti aichapishe njia yake kila mtu aisome. Mwaka huo huo Peter Durand alisajili Uingereza wazo la kutumia mikebe ya bati. Ajabu ni kwamba Appert hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Ilibidi kungojea hadi miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyochachusha na kuozesha, na kwamba moto huviua. Mwaka 1858 John Mason wa Marekani alisajili chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, na kuanzia hapo mama wa nyumbani akaweza kufungia mavuno ya bustani yake mwenyewe.

Hapa pana onyo, na nakuomba ulisome mara mbili. Kuna kijidudu ambacho kuchemsha kwa kawaida hakukiui. Mbegu zake zinastahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa hutoa sumu kali inayopoozesha mwili. Kiligunduliwa na Emile van Ermengem wa Ubelgiji, baada ya watu kuugua na kufa kwa kula paja la nyama mwaka 1895. Kijidudu hicho hakipendi ukali. Ndiyo maana achari yenye siki au ndimu ya kutosha ni salama. Lakini maharagwe, mahindi au mboga za majani zikifungiwa chupani zinahitaji joto la nyuzi 121 kwenye mtambo maalumu wa mvuke wa shinikizo. Na thumu je? Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kutokana na thumu iliyokatwakatwa ikawekwa ndani ya mafuta bila kutiwa baridini. Basi dada yangu, ile chupa ya thumu na mafuta isikae kabatini. Iweke friji uitumie siku chache, ama igandishe.

SAMAKI WA LABRADOR

Friza tunayoijua ina mzazi wake. Mashine za kutengeneza baridi zilianza karne ya 19, na mwaka 1882 meli Dunedin ilibeba nyama ya kondoo iliyogandishwa kutoka New Zealand hadi London, safari ya zaidi ya miezi mitatu, ikafika nzima. Lakini mboga na samaki wa kugandishwa walikuwa hawana ladha, wanalegea kama kitambaa kibichi.

Kati ya mwaka 1912 na 1915, Mmarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, Kanada. Aliwaona wenyeji wa Kiinuit wakivua samaki kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Samaki akitoka majini anaganda papo hapo, na akiyeyushwa miezi baadaye ladha yake ni ile ile. Birdseye akaelewa: kikiganda polepole, chembe za barafu huwa kubwa na hupasua nyama kwa ndani. Kikiganda haraka, chembe huwa ndogo, hazidhuru. Alirudi kwao akatengeneza mashine, akaiuza kampuni yake mwaka 1929 kwa dola milioni 22, na mwaka 1930 maduka ya mji wa Springfield, Massachusetts, yakaanza kuuza vyakula hivyo. Baada ya vita vya pili vya dunia friza zikaanza kuenea majumbani.

Faida yako ni hii: usiirundike friza chakula kingi cha moto kwa pamoja. Kipoze kwanza, kiweke kwenye mifuko bapa, kidogo kidogo, kigande upesi. Sukumawiki na mchicha zitie kwenye maji yanayochemka dakika 2 hadi 3, kisha maji ya baridi sana, kamua, ndipo ugandishe. Bila hivyo zinaendelea kujila zenyewe ndani ya friza, rangi na ladha zinapotea. Na fahamu kwamba friza haiui vijidudu. Inavilaza tu. Ukiyeyusha nyama, vinaamka.

STIMA ZIKIPOTEA

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2000 ukame ulishusha maji ya mabwawa, Kenya nzima ikaingia kwenye mgao wa stima. Tarehe 25 Agosti 2023 usiku, stima zilipotea karibu nchi nzima na sehemu nyingi zikakaa gizani mpaka siku ya pili. Ukiwa na friza iliyojaa, usiifungue. Iliyojaa pomoni huweza kushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Chakula ambacho bado kina barafu ndani yake waweza kukigandisha tena. Kilichopata joto saa kadhaa, hasa nyama, samaki na tui, usikionee huruma, kitupe.

Lakini swali ni je, kama hujui kutia achari, hujui kukausha, hujui makopa, utafanya nini? Wazee wetu walikuwa na njia tano au sita. Sisi wengi tunayo moja, na imeunganishwa na waya. Ndiyo maana msimu wa embe ukifika pwani matunda yanaoza chini ya miti, na miezi michache baadaye mtu huyo huyo ananunua achari ya dukani. Vijana, ujuzi huu unakwenda na bibi zetu mmoja mmoja. Chukua daftari Ramadhan hii, kaa naye, muulize kipimo cha chumvi, siku ngapi juani, embe la aina gani. Andika.

FRIZA NA JIRANI

Kumbuka yale matatu: kula, kuweka akiba, kutoa. Akiba si dhambi, Nabii Yusuf aliiweka. Lakini ghala lake lililisha watu wa njaa, mpaka wageni kutoka nchi nyingine. Hiyo ni tofauti na mtu anayejaza mchele na sukari ili bei ipande, na ni tofauti pia na friza inayojazwa mpaka Shawwal inaingia sambusa za chini zimeshika barafu, zinatupwa, na mlango wa pili kuna watoto waliofuturu maji na tende moja.

Basi mama anapopanga sinia, mwambie mfuko mmoja kati ya kila kumi uandikwe jina la jirani tangu siku ya kwanza. Usingoje kibaki, kwa sababu mara nyingi hakibaki.

Tunamuomba Allah atukubalie funga zetu na atubarikie katika riziki zetu. Ramadhan Karim.