Hewa Ndani ya Chuma: Baiskeli, Mafundi na Mzigo wa Samaki Kando ya Ziwa Mweru

Utangulizi

Wilaya ya Nchelenge iko mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, mahali ambapo nchi inakomea kwenye maji ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya pili ni Kongo. Samaki wanaovuliwa hapo hawaliwi pwani peke yake. Kwa miongo mingi wamebebwa kutoka ufukwe wa Kashikishi kwenda Mwansabombwe, Mansa na mbali zaidi, na chombo kimoja kilichowabeba ni baiskeli. Wasemaji wa Kibemba huiita incinga. Ng'ambo, kwenye miji ya Kilwa na Pweto, Kiswahili cha Katanga huiita kinga. Majina hayo mawili yanafanana kama ndugu, na haishangazi, kwa kuwa ziwa hili limekuwa njia ya watu na bidhaa kabla mpaka haujachorwa katikati yake.

Insha hii inachunguza sehemu moja ya baiskeli: foku, yaani ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele. Leo waendeshaji wa baiskeli za mlima hununua foku zenye hewa ndani, hukaa sebuleni au kwenye banda la nyumba, wakapima, wakajaza, wakafungua na kubadilisha vipuri mpaka foku imtii mwenyewe. Kazi hiyo huitwa ubunifu, nayo imeandikiwa historia yake. Fundi wa kando ya ziwa naye hubadilisha baiskeli iliyotoka kiwandani. Kazi yake huitwa kujisaidia kwa umaskini, na ni nadra kuandikwa. Hoja yangu ni kwamba kazi hizi mbili ni za ukoo mmoja. Kinachozitofautisha ni mzigo, na mwanahistoria asiyeutazama mzigo hataielewa teknolojia ya baiskeli katika Afrika yetu.

Hewa ya kwanza ilikuwa kwenye tairi

Wazo la kumkalisha mwendeshaji juu ya hewa halikuanza na foku. Robert William Thomson alisajili tairi la hewa nchini Uingereza mwaka 1845, likasahaulika. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alisajili la kwake baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Alilitengeneza nyumbani, kwa mpira na kitambaa. Kwa maneno mengine, mwanzo wa hewa katika baiskeli ni marekebisho ya nyumbani.

Trevor Pinch na Wiebe Bijker, katika makala yao ya mwaka 1984 kuhusu jinsi jamii inavyoiumba teknolojia, walionyesha kwamba tairi hilo halikupokelewa kwa mikono miwili. Kwa wengine lilikuwa dawa ya mtikisiko. Kwa waendesha mbio mtikisiko haukuwa tatizo, hivyo dawa yake ilikuwa kichekesho. Mambo yaligeuka pale tairi la hewa lilipoonekana kuwa na kasi: mwezi Mei 1889 Willie Hume alishinda mbio za Belfast akiwa juu ya matairi ya Dunlop. Hapo tairi likapata maana mpya. Somo la waandishi hao ni kwamba chombo hakina maana moja inayotoka kiwandani, kwani kila kundi la watumiaji hukitazama kwa tatizo lake.

Kuna upande wa habari hii ambao msomaji wa Afrika hawezi kuupita. Tairi la hewa lilihitaji mpira, na mahitaji ya mpira yalipopanda, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II (1885–1908) iliulazimisha utoke msituni kwa mateka, viboko na bunduki, hasa kwenye misitu ya kaskazini na magharibi ya nchi hiyo. Ziwa Mweru lenyewe lilikuwa ukingo wa dola hiyo. Mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Leopold uliupitisha mpaka kwenye Luapula na katika ziwa. Kwa hiyo kabla baiskeli haijawa chombo cha Mwafrika, jasho na damu ya Mwafrika vilikuwa vimeshaingia kwenye gurudumu lake.

Ziwa, migodi na baiskeli

Baiskeli ilifika Luapula kwa njia ya mshahara. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Migodi ilihitaji vitu viwili ambavyo Luapula ilikuwa navyo: vijana na samaki. Kampuni ya Robert Williams iliandikisha wanaume wa Luapula kwenda Katanga. Wafanyabiashara wa Kigiriki walipiga kambi Kasenga, upande wa Kongo wa mto, wakanunua samaki na kuwapeleka migodini kwa malori. David Gordon, katika kitabu chake Nachituti's Gift cha mwaka 2006, ameeleza jinsi soko hilo lilivyobadilisha umiliki wa maji na nyavu, na jinsi samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kuzaa, alivyoporomoka kufikia mwisho wa miaka ya 1940.

Wafanyabiashara wakubwa walikuwa na malori na boti. Mchuuzi mdogo alikuwa na baiskeli. Mtu aliyerudi kutoka migodini na baiskeli hakuwa amerudi na pambo la heshima tu. Alikuwa amerudi na mtaji. Samaki aliyekaushwa au kubanikwa huvumilia safari, na baiskeli hupita pale ambapo lori halina sababu ya kwenda: kijiji chenye wanunuzi kumi. Kwenda Ukanda wa Shaba kwa njia fupi kulimaanisha kuvuka kivuko cha Chembe na kukatiza takriban kilomita 70 za ardhi ya Kongo, kwenye ulimi wa nchi unaochoma katikati ya Zambia. Daraja la Levy Mwanawasa lilifunguliwa hapo Chembe mwaka 2008 tu. Kabla yake, samaki, baiskeli na mwenyewe wote walisubiri pantoni.

Katika miongo ya karibuni samaki mkuu wa biashara hii amekuwa chisense, mdogo kama dagaa wetu, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani mchangani. Chisense mkavu ni mwepesi kwa gunia lakini gunia ni kubwa. Mzigo wake ni wa kimo: hupanda juu ya keria, huvutwa na upepo, na huifanya baiskeli iwe nyepesi mbele na nzito nyuma.

Hapa ndipo kazi ya fundi inapoanza. Baiskeli za Raleigh kutoka Nottingham na ndugu zake, na baadaye zile za India na China zilizoiga umbo lilelile, zilichorwa kwa ajili ya mtu mmoja kwenda kazini. Katika Afrika Mashariki na Kati fundi huzifungua na kuzifanya kitu kingine. Keria ya kiwandani hutolewa, huchomelewa ya nondo. Spoki nyembamba huacha nafasi kwa spoki nene. Foku huongezewa fito za chuma kutoka kwenye ekseli hadi juu, ili isipinde shimoni. Tairi lililochoka hukatwa na kuvalishwa ndani ya jingine ili tyubu isichomwe. Kule Goma, upande wa mashariki wa Kongo, mafundi wa chukudu walikwenda mbali zaidi: gurudumu ni la mbao, na mtikisiko hupunguzwa kwa utepe wa mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa kulizunguka.

Foku ya hewa na asili yake ya nyumbani

Sasa tutazame upande wa pili. Baiskeli ya mlima haikuzaliwa kwenye ofisi ya wahandisi. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, walichukua baiskeli nzito za kale za miaka ya 1930, hasa Schwinn, wakazipachika vipuri vya pikipiki na gia, wakashuka nazo milimani. Mbio zao mashuhuri, zilizoanza mwaka 1976, ziliitwa Repack, kwa sababu breki ya ndani ya gurudumu la nyuma ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na baada ya kushuka ilibidi kupakia grisi upya. Yaani waanzilishi wa mchezo huu walikuwa mafundi wa baiskeli kuukuu.

Foku yenye shokapu ilifuata. Paul Turner, aliyewahi kufanya kazi na pikipiki za mashindano, alianzisha RockShox pamoja na Steve Simons mwaka 1989. Foku yao ya kwanza, RS-1, ilitumia hewa na mafuta na ilibonyea takriban sentimita 5. Mwaka 1990 Greg Herbold alishinda ubingwa wa dunia wa kushuka mlima huko Durango, Colorado, akiwa na foku ya RockShox. Kama ilivyokuwa kwa tairi la Dunlop, ushindi uliwanyamazisha wengi walioiona kuwa uzito wa bure.

Utendaji wake si mgumu kuelewa. Hewa iliyofungiwa hufuata kanuni aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662: ukipunguza nafasi yake, msukumo wake hupanda. Foku inapobonyea, hewa inakuwa springi. Mwenye baiskeli huvisha kiduara cha mpira kwenye bomba la foku, hupanda taratibu, hushuka, kisha hupima foku imezama kiasi gani kwa uzito wake tu. Kwa kawaida hutafutwa kati ya asilimia 20 na 30 ya urefu wote wa kubonyea. Ikizama mno huongeza hewa. Ikiwa ngumu huipunguza. Kitufe cha chini hurekebisha kasi ya foku kurudi juu. Anayegonga mwisho mara kwa mara huingiza vipande vya plastiki ndani ya chumba cha hewa. Nafasi ikipungua, foku hubaki laini mwanzoni na kuwa ngumu mwishoni. Baada ya hapo ni usafi: kufungua miguu ya chini, kufuta mafuta machafu, kubadilisha sili na sponji. RockShox wenyewe hupendekeza kazi hiyo kila baada ya saa 50 za kuendesha.

Kwa nini foku ya mzigo haina hewa

Mtu anaweza kudhani kwamba chombo hicho kingemfaa mchuuzi wa Kashikishi. Kwa hesabu ya fizikia, kweli kingemfaa. Springi ya chuma ina ugumu mmoja. Hewa hubadilishwa kulingana na mzigo, ndiyo maana mabasi na malori makubwa huwekewa mifuko ya hewa. Mchuuzi anakwenda na magunia, anarudi na unga au mikono mitupu. Hakuna anayehitaji springi inayobadilika kuliko yeye.

Lakini teknolojia haitembei peke yake. Foku ya hewa inahitaji pampu maalumu inayofikia psi 300, mafuta ya aina yake na sili zisizo na mchanga. Ufukwe wa ziwa ni mchanga. Sili ikikatika, hewa hutoka na foku hukaa chini pamoja na biashara ya siku hiyo. Tairi, kwa upande wake, huzibwa na mtoto wa fundi kwa kiraka na gundi chini ya mwembe. Mchuuzi hakuikataa hewa; aliiacha pale anapoweza kuitengeneza. Huongeza upepo kwenye tairi la nyuma wakati wa kupakia na kuupunguza wakati wa kurudi. Ni hesabu ileile ya kuzama na kubonyea, inayopimwa kwa kidole gumba.

Kuna ushahidi mmoja unaonishawishi zaidi ya mwingine. Kampuni ya SRAM ya Marekani iliinunua RockShox mwaka 2002. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM, F. K. Day, alianzisha pamoja na Leah Missbach Day shirika la World Bicycle Relief mwaka 2005, na mwaka uliofuata shirika hilo likaanza kazi Zambia, likiwapa baiskeli wahudumu wa afya wa kujitolea. Kutokana na kazi hiyo ilitokea baiskeli ya Buffalo: chuma kizito, keria inayobeba kilo 100, breki ya kukanyaga nyuma, ya aina ileile iliyoungua grisi Repack, na foku iliyo kavu, bila springi wala hewa. Watu wenye kiwanda cha foku za hewa, walipochora baiskeli kwa ajili ya barabara za Zambia, walifikia uamuzi ambao mafundi wa barabara hizo walikuwa wameufikia zamani kwa nyundo na mashine ya kuchomelea.

Hitimisho

Mwanahistoria David Edgerton ametuonya tusiiandike historia ya teknolojia kwa tarehe za uvumbuzi peke yake, bali kwa matumizi. Ziwa Mweru linaunga mkono onyo hilo. Takwimu za forodha zinaweza kutuambia baiskeli ngapi ziliingia nchini. Haziwezi kutuambia ngapi zilifunguliwa siku iliyofuata na kugeuzwa chombo kingine, wala nani aliyezigeuza. Ujuzi huo umo mikononi mwa watu, na watu hawakai milele.

Hili lina haraka yake. Bodaboda zimeenea, na vijana wa karakana wanajifunza injini badala ya spoki. Si jambo la kulaumu. Mchuuzi ana haki ya kupumzisha magoti yake. Lakini fundi aliyewahi kuongeza fito kwenye foku kwa ajili ya mzigo wa samaki akiondoka bila kuhojiwa, kitabu kitakachoandikwa kitabaki na Belfast, Marin na Durango peke yake. Idara zetu za historia hutuma wanafunzi kurekodi masimulizi ya wazee wa koo na wapigania uhuru. Zituelekeze pia chini ya mwembe, kwa mwenye pampu, ili naye aulizwe: baiskeli hii ulipoipokea ilikuwaje, ulibadilisha nini, na kwa nini?