Chura wa Ukaguru na Jina Lake la Kiswahili

Msafiri apitaye barabara kuu ikatayo mbuga ya Mikumi aghalabu humwona twiga bila taabu, na jina la kitaalamu la mnyama huyo liliingizwa katika daftari la viumbe tangu mwaka 1758 na Carl Linnaeus, mwanachuoni wa Uswidi aliyeimarisha desturi ya kumwita kila kiumbe kwa maneno mawili; lakini katika milima ya Ukaguru, kaskazini mwa mji wa Kilosa, alikuwako kiumbe mwingine ambaye zamu yake haikufika ila baada ya miaka 244.

Kiumbe huyo ni chura wa msitu wa Mamiwa-Kisara. Mwaka 2002 Alan Channing, bingwa wa vyura kutoka Afrika Kusini, na William Stanley wa makumbusho ya Field huko Chicago, ambaye ilimu yake hasa ilikuwa ya wanyama wadogo kama virukanjia, walimwandikia wasifu wakamwita Churamiti maridadi.

Kumpa kiumbe jina si kulitamka tu. Awe mnyoo wa baharini au chura wa mlimani, sharti kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa shahidi wa jina, na wasifu uchapishwe ukidhihirisha yale yanayomtenga na jamaa zake. Na huyu alitengana nao hata ikalazimu kumwundia jenasi yake peke yake. Ama lugha, kanuni hazimlazimishi mtu kushika Kilatini wala Kiyunani, ijapokuwa mazoea huelekea huko. Mabwana hawa walichagua maneno ambayo mtoto wa Kilosa huyafahamu bila mkalimani, na kwangu mimi hiyo ni taadhima kubwa kwa lugha yetu, kwani jina hilo halibadiliki liandikwapo Tokyo wala London.

Alipopewa jina alijulikana kwa vielelezo viwili tu. Mwaka 2019 wataalamu walipanda Ukaguru kumtafuta, wasimpate. Wakakutana badala yake na chura mdogo wa matete, ambaye dume lake halina mlio bali vimiiba kooni, ambavyo yadhaniwa jike huvitambua kwa kuvigusa. Huyo aliandikiwa wasifu mwaka 2023, akaitwa Hyperolius ukaguruensis. Churamiti hakuwamo katika mikoba waliyoshuka nayo.