Jicho la chura na sindano iliyosogea mara mbili

Wiki jana nilikesha nikisaka hitilafu katika programu yangu ya kusoma kihisi cha mwanga. Taa inawaka, inazima, lakini grafu imenyooka tu kama uzi. Kumbe kosa ni langu: nilikuwa nikichukua wastani wa kila sekunde mbili, na badiliko lenyewe lilichukua sehemu ndogo ya sekunde. Nikakumbuka watu waliopima umeme wa macho ya wanyama, maana nao walisumbuliwa na jambo hili hili.

Mwaka 1849, Emil du Bois-Reymond wa Berlin alionyesha kuwa jicho la samaki lina umeme hata likiwa limetulia. Upande wa mbele, kwenye konea, ni chanya ukilinganisha na nyuma. Ni umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu moja ya volti.

Mwaka 1865, Frithiof Holmgren wa Uppsala, Sweden, alilimulika jicho la chura. Sindano ya galvanometa ikasogea. Alipoondoa mwanga, ikasogea tena, na upande ule ule! Yaani jicho lilikuwa likitoa taarifa ya badiliko, si ya mwanga peke yake. Baadaye, kwa kuhamisha elektrodi huku na huku, alibaini kuwa chanzo ni retina. Mwaka 1873 Dewar na McKendrick wa Uskoti wakapata matokeo kama hayo bila kujua kazi yake. Dewar huyo ndiye aliyebuni chupa ya kuhifadhi joto, ile tunayotilia chai.

Lakini galvanometa za wakati huo zilikuwa nzito na za polepole. Mwaka 1908 Einthoven na Jolly walitumia galvanometa ya uzi mwembamba, ile ile iliyopima moyo. Ndipo mawimbi yakaonekana wazi: kwanza linashuka kidogo, kisha linapanda sana, halafu linapanda tena polepole. Jicho halikuwa limebadilika. Chombo ndicho kilichobadilika.

Mwaka 1933 Ragnar Granit alimzidishia paka etha hatua kwa hatua, na sehemu za wimbi zikatoweka moja baada ya nyingine. Ni kama sisi tunavyozima moduli moja moja kutafuta ipi inafanya nini. Mwaka 1967 alishiriki Tuzo ya Nobel.

Faida yake? Retina inaweza kuanza kufa kabla daktari hajaona dalili kubwa akichungulia jichoni. Tangu kazi ya Gösta Karpe ya 1945, kipimo hiki kimekuwa cha hospitali, na wimbi lililofifia humwambia daktari mapema.

Mimi sasa nasoma kihisi kila milisekunde 5. Grafu yako ikinyooka mno, kabla ya kulaumu kihisi, angalia kwanza unakisoma kwa kasi gani. Haya, tuonane wiki ijayo.