Sauti Juu ya Sauti

Mwaka 1941, huko Marekani, Sidney Bechet alipiga ala 6 peke yake katika wimbo mmoja, akirekodi sauti juu ya sauti. Kila alipoongeza ala, sauti za awali zilififia. Mwaka 1957 Les Paul alipata mashine ya utepe yenye njia 8, kila ala na njia yake.

Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe chini ya Uluguru, haikuwa na anasa hiyo miaka ya 1960. Redioni Dar es Salaam wote walirekodi kwa pamoja. Mmoja akiharibu, wote walirudia. Mbaraka alifariki mwaka 1979, lakini katika tepu zile angali na wenzake. Njia nyingi humtosheleza mtu. Njia moja ilimfunza kumsikiliza mwenziwe.